TONE LA MAJI LINAVYOKUZA HERUFI, NA JANI LA MUHOGO



Mwezi huu hatuanzii shambani. Tunaanzia kwenye gazeti hili ulilolishika. Liweke mbele ya macho yako, umbali wa shibiri moja. Soma neno moja. Sasa lisogeze karibu, nusu ya shibiri. Endelea kulisogeza mpaka liguse pua. Je, unaona nini? Herufi zimekuwa kubwa, lakini zimefifia na kuchanganyika. Huwezi kusoma tena.

Jambo hili dogo ndilo msingi wa habari yetu yote. Kitu kikiwa karibu huonekana kikubwa. Jahazi likiwa mbali baharini huonekana dogo kama ukucha. Likifika pwani, jahazi lile lile linajaza macho. Halikukua njiani. Limesogea tu. Kwa hiyo, ukitaka kitu kidogo kionekane kikubwa, kisogeze karibu na jicho.

Lakini jicho lina mpaka wake. Jicho zima la mtu mzima huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 25 hivi, yaani shibiri moja na kidogo. Kikija karibu zaidi ya hapo, jicho linashindwa. Kinachotakiwa basi ni msaidizi wa kulipitisha jicho mpaka huo. Msaidizi huyo huitwa lenzi, au kioo cha kukuzia. Unaweza kutengeneza lenzi yako leo, bila kununua kitu.

Tafuta chupa ya plastiki iliyokwisha maji, ile inayopitisha mwanga vizuri. Kata upande wake upate kipande kikubwa kama kiganja. Kioshe, ukikaushe. Chovya ncha ya kidole katika mafuta ya nazi, ukipake kipande hicho, kisha ukifute mpaka mafuta yabaki kidogo sana. Mafuta hufanya tone la maji lijikusanye, lisitandae. Chukua njiti moja ya ufagio wa chelewa. Ichovye katika maji safi, udondoshe tone moja juu ya plastiki. Tone liwe kubwa kama punje ya mtama. Weka plastiki juu ya gazeti, tone likae juu ya herufi moja. Tazama kutoka juu.

Herufi imekua.

Sasa inua plastiki polepole sana, kwa unene wa ukucha tu. Herufi inazidi kukua. Inua tena kidogo. Itafika mahali itafifia. Ukiendelea kuinua, na wewe ukiwa umerudisha kichwa nyuma, herufi itaonekana tena, lakini imepinduka, miguu juu kichwa chini! Usiende haraka katika hatua hii. Mkono ukitikisika, weka vijiti viwili chini ya plastiki, kila upande kimoja, uongeze vijiti kidogo kidogo.

Tulifanya jaribio hili na wanakisomo wa Kerege, katika darasa la jioni. Mzee mmoja alitazama, akasema yeye ameshaelewa. Maji yamelowesha herufi, zimevimba kama maharage yaliyolala majini. Darasa likacheka, lakini hoja yake haikuwa ya kuchekwa. Kitu kinachoonekana kikubwa, kwa nini kisiwe kimekua kweli? Hoja kama hiyo haijibiwi kwa maneno. Inajibiwa kwa kupima. Tuliondoa plastiki. Mzee akapapasa gazeti kwa kidole. Lilikuwa kavu, na herufi ilikuwa ndogo vile vile kama jirani zake. Maji hayakuigusa hata kidogo, kwa sababu plastiki ilikuwa katikati. Mama mmoja akaongeza jaribio lake mwenyewe. Aliweka matone matatu. La kwanza lilikuwa dogo kama punje ya uwele, la pili kama punje ya mtama, la tatu kubwa kama sarafu. Je, ni lipi lilikuza zaidi? Wengi walisema la tatu, kwa kuwa ni kubwa. Jaribu mwenyewe kabla hujasoma mstari unaofuata.

Tone dogo ndilo lililokuza zaidi. Lile la sarafu lilikuza kidogo mno, maana lilitanda kama dimbwi. Siri haiko katika wingi wa maji. Iko katika mgongo wa tone. Mgongo ukiwa umebinuka sana, lenzi inakuza sana. Mgongo ukiwa bapa, haikuzi. Ndiyo maana tulipaka mafuta ya nazi.

Mgongo uliobinuka unafanya nini? Watu wa pwani wanajua nusu ya jibu tayari. Msukuma mtumbwi kwa upondo huona upondo wake kama umevunjika pale unapoingia majini. Akiutoa ni mzima. Anayechoma samaki kwa mkuki naye hapigi pale anapomwona samaki. Hupiga chini yake kidogo. Sababu ni moja. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani kwa kulala upande, hupinda njia.

Sasa fikiria ufagio wa chelewa uliofungwa shinani. Njiti zinatoka mahali pamoja, kisha zinatawanyika. Mwanga unatoka kwenye herufi namna hiyo hiyo. Njia zake tunaziita miale. Herufi ikiwa karibu mno na jicho, miale inaingia jichoni ikiwa imetawanyika sana, nalo jicho haliwezi kuikusanya. Ndipo herufi hufifia. Tone la maji, kwa mgongo wake uliobinuka, hupinda miale hiyo na kuipunguzia kutawanyika. Jicho linaipokea kama kwamba imetoka mbali zaidi. Kwa hiyo linaona vizuri, ingawa herufi iko karibu. Na kwa kuwa iko karibu, inaonekana kubwa. Lenzi haiongezi kitu kwenye herufi. Inalisogeza jicho lako.

Na kule kupinduka? Ukiinua tone juu sana, miale inakutana na kupishana kabla haijafika kwako. Ule uliotoka juu umepita chini, ule wa chini umepita juu.

Mambo haya yalichunguzwa zamani. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra katika nchi ya Iraki kama mwaka 965, aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona. Alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unaingia jichoni. Kabla yake wengi walidhani kwamba jicho ndilo linalotoa mwanga kwenda kwenye kitu. Miaka 600 na zaidi baadaye, katika mji wa Delft, Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek alitengeneza lenzi ndogo sana za kioo. Lenzi zake zilikuwa ndogo na zenye mgongo uliobinuka mno, kama lile tone la punje ya uwele. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa kwa lenzi hizo, akaona vijidudu vinaogelea ambavyo havijapata kuonwa. Yeye hakuwa mtu wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuuza nguo.

Hapa nitoe onyo moja. Lenzi inayokusanya miale ya kuonea inakusanya pia miale ya jua, pamoja na joto lake. Usitazame jua kwa lenzi, hata kidogo. Jicho linaweza kuungua na lisipone. Usiache lenzi, wala chupa ya mviringo yenye maji, juani karibu na makuti au majani makavu. Moto unaweza kuanza hapo.

Neno lingine ni kwa wenzangu wa miaka arobaini na kuendelea. Huenda ulipoweka gazeti umbali wa shibiri moja hukuona kitu, ukalazimika kunyoosha mkono. Ndani ya jicho lako pia mna lenzi. Ujanani ni laini, nayo hujibinua na kujinyoosha kufuata umbali wa kitu. Miaka ikienda inakuwa ngumu. Utafiti uliofanyika Kongwa, Mkoa wa Dodoma, na kutangazwa mwaka 2006, uliwakuta zaidi ya nusu ya watu wazima wa umri huo wana tatizo hili. Ninalitaja kwa sababu wapo wanaoacha kisomo wakisema akili imechoka. Akili haijachoka. Ni lenzi ya jicho. Miwani ya kusomea ni lenzi mbili za kukuzia zilizotiwa katika fremu. Ila usivae tu ya jirani. Nenda upimwe macho, maana mtoto wa jicho na presha ya macho huanza taratibu, na miwani ya kusomea haiviponyi.

Sasa twende shambani.

Wakulima wa Kerege na vijiji vya jirani wanalima muhogo, na muhogo ndio unaoniletea maswali mengi. Kila kiangazi kikikaza, kuanzia Juni mpaka Oktoba, mtu huja na kusema, "Bwana shamba, muhogo wangu umepauka. Nipe jina la dawa." Nami siwezi kumpa jina la dawa kabla hatujajua ni nini kinachoumiza muhogo huo. Majani yanaweza kupauka kwa sababu mbili zinazofanana ukiwa umesimama kando ya shamba, lakini ni mbali sana moja na nyingine ukisogea karibu. Fedha nyingi za wakulima zimepotea katikati ya sababu hizi mbili.

Sababu ya kwanza ni batobato. Huu ni ugonjwa wa virusi. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, tena katika nchi yetu hii, kwenye milima ya Usambara. Jani linakuwa na mabaka makubwa ya njano na kijani, linajikunja, upande mmoja unakuwa mdogo kuliko mwingine. Ugonjwa unaenezwa na inzi weupe, na unaenezwa na sisi wenyewe tunapokata mbegu kwenye shina lenye ugonjwa na kuzipanda. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya batobato. Hakuna kabisa. Anayekuuzia dawa hiyo anakuuzia maji.

Sababu ya pili ni utitiri wa kijani wa muhogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika Afrika ulionekana kwanza Uganda mwaka 1971, kisha ukaenea, hata huku kwetu. Utitiri unakaa chini ya jani, hasa majani machanga ya juu, ukifyonza maji yake. Jani linapata vidoto vingi vyeupe au vya njano, vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano. Baadaye linasinyaa, na ncha ya mmea inaweza kubaki uchi kama kijiti. Utitiri unazidi wakati wa kiangazi. Mvua kubwa ikija inaupunguza sana, na muhogo unachipua tena.

Umeona tofauti? Mabaka makubwa na jani kupinda ni dalili za batobato. Vidoto vya sindano ni dalili ya utitiri. Lakini mara nyingi vidoto vikizidi vinaungana, vinafanana na mabaka. Tena mmea mmoja unaweza kuwa na yote mawili. Hapo ndipo unapohitaji lenzi.

Utitiri mmoja ni mdogo kuliko nusu milimita. Kwa jicho tupu ni kama vumbi. Lenzi inayofaa ni ile iliyoandikwa 10, maana yake inakuza mara 10. Namba hii inatokana na ule mpaka wa jicho. Lenzi ya mara 10 inakuruhusu kusogeza jani mpaka sentimita 2 na nusu, yaani sehemu ya kumi ya zile sentimita 25. Kwa lenzi hiyo utitiri unaonekana mkubwa kama punje ya mtama. Lenzi ya namna hiyo ni ndogo, inaingia mfukoni. Kikundi cha wakulima kinaweza kununua moja wakaitumia pamoja.

Watu wengi huishika vibaya. Hunyoosha mkono na kuitembeza juu ya jani, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Hivyo huoni kitu. Weka lenzi karibu na jicho lako, karibu kabisa, iguse nyusi. Kisha inua jani ulilete kwenye lenzi, mpaka litokee vizuri. Jani ndilo linalosogea. Simama jua likiwa begani, mwanga uanguke juu ya jani, usianguke machoni.

Chuma majani matano ya juu kwenye mimea mitano, sehemu tofauti za shamba. Usichume pembeni tu. Geuza kila jani, utazame chini yake kando ya mshipa wa katikati. Ukiona wadudu wadogo wa kijani au njano, wenye miguu 8, wanatembea polepole, pamoja na mayai ya mviringo na magamba meupe matupu, huo ni utitiri. Watoto wake wachanga wana miguu 6. Ukiona mmoja anakimbia haraka kuliko wenzake, usimwue. Huenda huyo ni utitiri mlaji. Yuko wa namna hiyo aliyeletwa kutoka Brazil na kuachiwa Benin mwaka 1993, kisha akapelekwa nchi nyingi za Afrika. Mchana anajificha kwenye ncha ya mmea. Usiku anatoka kula utitiri wa kijani. Anayepuliza sumu ovyo anaua askari wake mwenyewe, na adui aliyesalia anazaana bila kuzuiwa.

Kama hukukuta mdudu, na jani lina mabaka na limepinda, jua kuwa ni batobato. Lenzi haitakuonyesha virusi. Ni vidogo hata hadubini ya kawaida ya hospitali haivioni. Hapa lenzi imekufaa kwa kukuonyesha kwamba utitiri haupo. Mmea huo, kama bado mchanga, ung'oe. Kama umekwisha komaa, vuna mizizi yake, lakini usikate mbegu kwake. Kata mbegu kwenye mimea safi, nawe uwe umeitia alama ya kamba tangu majani yakiwa bado mengi, kwa sababu siku ya kukata mbegu majani yameshapukutika, na shina gonjwa halina tofauti na shina zima. Jambo hili la kutia alama mapema lina faida kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Kama umekuta utitiri, usikimbilie dukani. Ngoja mvua, palilia, na ukikata mbegu kwenye mimea hiyo ondoa majani yote na ncha laini hapo hapo shambani. Usiyabebe kwenda shamba jipya.

Ugonjwa wa tatu, michirizi ya kahawia, lenzi haiusaidii. H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga, aliuandika mwaka 1936, nao ni ugonjwa wa virusi pia. Majani ya juu yanaweza kuonekana mazuri na huku mizizi inaoza ndani. Tazama majani ya chini, kama yana njano kufuata mishipa. Kisha kata mzizi mmoja kwa panga. Huo tutauzungumza peke yake.

Huna lenzi? Rudi kwenye tone la maji. Shambani halifai, maana upepo unalitikisa na jua linalikausha. Peleka jani nyumbani. Lilaze mezani, chini kuwe juu. Weka vijiti vyembamba huku na huku, kisha plastiki yenye tone juu yake. Inamisha kichwa mpaka jicho likaribie tone. Ukiona vidoto vinavyotembea, umepata jibu lako.

Ukishindwa kabisa, lete jani kwa bwana shamba au bibi shamba wako. Lifunge katika karatasi, usilifunge katika plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki jani hutoka jasho na kuoza. Juu ya karatasi andika kwa kalamu jina lako, kitongoji chako, siku uliyochuma, na jani lilitoka juu au chini ya mmea. Lete na jani moja zima kutoka shamba hilo hilo, tulilinganishe.